Mbio za hisani za mtandaoni: jinsi ya kumaliza kilomita 21 ukiwa mtaani kwako

Kila msimu wa mbio ukifika, maswali ni yaleyale. "Nimeshajisajili, sasa nikakimbilie wapi?" "Bando likiisha katikati itakuwaje?" "Michango ya watu naipokea mimi au?" "Nikitembea wananiondoa?" Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, ili atakayeuliza tena nimtumie hii asome.

Mwongozo huu ni wa mtu anayekimbia nusu marathoni, yaani kilomita 21.1, kwa mara ya kwanza kwa njia ya mtandao, huku akichangisha fedha kwa ajili ya hisani. Wa kilomita 10 au 42.2 atabadilisha namba tu, mengine yote ni hayohayo.

Kuna jambo moja ambalo wageni huwa hawaliamini: wanaoangushwa na miguu ni wachache. Wengi huangushwa na simu iliyozima kilomita ya 16, au na ahadi za michango ambazo hazikulipwa mpaka leo. Kwa hiyo kwenye simu na hela nitakaa sana. Viatu nitavipitia haraka.

Kwanza ujue umeingia mbio za aina gani

Mbio za mtandaoni hazina uwanja wala utepe wa kukata. Unakimbia hapo ulipo, simu au saa inarekodi, unatuma rekodi kwa waandaaji, unapata cheti na pengine medali. Mtindo huu ulikuwepo zamani, ila corona ndiyo iliyousambaza. Kwenye London Marathon ya tarehe 4 Oktoba 2020, waliokimbia pale bustani ya St James's Park ni wakimbiaji wa kulipwa peke yao (ndiyo ile ambayo Brigid Kosgei alishinda na Kipchoge akamaliza wa nane, watu wakashika vichwa). Wengine wote walikimbia kilomita zao 42.2 mitaani kwao, na walipewa siku nzima ya kuzimaliza. Siku moja kabla yake askari wa wanyamapori wa nchi mbalimbali za Afrika walikuwa wamekimbia kilomita 21 na mizigo ya kilo 22 mgongoni katika Wildlife Ranger Challenge, na raia popote duniani waliruhusiwa kujiunga wakiwa kwao. Ukianza kulalamika kwamba 21 ni nyingi, wakumbuke hao.

Aina ni tatu, na ukizichanganya utakosea kila kitu kinachofuata:

- Ya mkupuo mmoja. Unakimbia umbali wote mara moja, ndani ya siku walizotoa waandaaji, mfano kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Hii ndiyo ya kawaida, na mwongozo huu umeilenga hiyo.
- Ya kujumlisha. Unakusanya kilomita kidogo kidogo kwa wiki au miezi. Mfano mkubwa ni Great Virtual Race Across Tennessee ya 2020: takriban kilomita 1,000 kuanzia Mei mosi mpaka mwisho wa Agosti, na mtu alizikimbia popote alipo, akiandika za kila siku.
- Ya wakati mmoja duniani kote. Wings for Life World Run ndiyo inayojulikana zaidi. Watu wote huanza saa 11:00 za UTC (saa za kulinganishia za dunia nzima), na baada ya nusu saa "gari" la kwenye programu linaanza kuwafuata nyuma, likikupita, umemaliza. Saa hiyo kwetu Dar, Nairobi na Kampala ni saa nane mchana. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ni saa saba. Muscat ni saa tisa alasiri, tena mwezi Mei, kwa hiyo ndugu zetu wa huko wajipange kukimbilia kwenye mashine ya ndani kama sheria za mwaka huo zinaruhusu, vinginevyo wakae kivulini.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Simu janja yenye GPS na betri inayokaa, au saa ya kukimbilia. Saa si lazima.
- Programu ya kurekodi. Kama waandaaji wana yao, tumia yao. Kama hawana, Strava ya bure inatosha, usilipie kitu.
- Barua pepe unayoifungua kweli, si ile uliyofunguliwa na kijana wa steshenari ukasahau neno la siri.
- Viatu ulivyokwisha vizoea. Vya mtumba havina shida, lakini bonyeza soli kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, povu lake limekufa, viache.
- Pochi ya kiunoni ya kuwekea simu. Simu ya kushikwa mkononi kwa saa tatu utaichukia.
- Mafuta ya mgando, maji, paketi mbili za ORS kutoka duka la dawa, tende au ndizi.
- Wiki 10 hadi 12, na uwezo wa kwenda kilomita 5 bila kusimama, hata kwa mwendo wa pole.
- Mtu mmoja atakayejua unapita wapi na unatarajia kurudi saa ngapi.

Mwenye kisukari, presha, matatizo ya moyo, mjamzito, au aliyekaa miaka bila mazoezi: muone daktari kwanza, ndipo ulipie.

Hatua ya 1: Soma sheria kabla ya kutoa hela

Tafuta majibu ya mambo haya: dirisha, yaani zile siku za kukimbia walizotoa waandaaji, linafunguka na kufungwa lini, kwa saa za nchi gani? Umbali ukatwe mara moja, au unaruhusiwa kugawa? Kuna muda wa mwisho wa kumaliza? Kutembea kunaruhusiwa? (Mara nyingi ndiyo.) Mashine ya ndani inakubalika? Ushahidi unaotakiwa ni nini: kiungo cha Strava, faili, au picha ya skrini?

Hapo kwenye saa ndipo wengi hupotea. Tovuti huandika saa kwa mtindo wa 00 hadi 23, sisi tunahesabu kuanzia asubuhi. 06:00 yao ni saa kumi na mbili asubuhi yetu. Ukiona "Jumapili 23:59 saa za London", kwa Afrika Mashariki hiyo tayari ni Jumatatu: saa nane kasoro dakika moja usiku wakati wa majira yao ya joto, na saa tisa kasoro dakika moja wakati wa baridi yao. Hilo linakupa nafasi ya ziada, lakini usiitumie. Chukulia kwamba dirisha linafungwa Jumapili jioni, ulale kwa amani.

Hatua ya 2: Hakikisha hisani yenyewe ipo

Ada ya kujisajili na mchango ni vitu viwili tofauti. Kuna mbio ambazo ada yote inakwenda kwenye lengo. Wings for Life wanasema hivyo wazi, kwamba asilimia 100 ya ada inakwenda kwenye utafiti wa majeraha ya uti wa mgongo. Kuna nyingine ambazo ada inalipia medali, fulana na mishahara, na kinachobaki ndicho kinachotolewa. Si dhambi, ila ni haki yako kujua, kwa sababu ndugu zako watakuuliza.

Angalia kama taasisi imesajiliwa. Kwa Tanzania, mashirika yasiyo ya kiserikali yako chini ya Msajili wa NGOs. Kwa Uingereza, kila taasisi ya hisani ya England na Wales iliyosajiliwa ina namba unayoweza kuitafuta mtandaoni kwenye rejista ya Charity Commission. Piga simu ya ofisi yao, usiishie kwenye namba ya mratibu aliyekutumia tangazo. Waulize: fedha za mbio hizi zinaingia akaunti gani, kwa jina gani? Taasisi ya kweli inajibu ndani ya dakika mbili. Anayeanza kuzungukazunguka, achana naye.

Hatua ya 3: Jisajili kwa umakini

Andika jina kama unavyotaka lisomeke kwenye cheti. Fomu za nje hung'ang'ania jina la mtaa na namba ya nyumba. Weka mtaa, S.L.P. na namba ya simu yenye +255 au +254 mbele. Kama wanatuma medali kutoka nje, uliza gharama ya kusafirisha na ujue posta inaweza kukudai ushuru. Mimi ningechagua cheti cha mtandaoni na hela ya medali iende kwenye mchango, lakini wapo wanaokimbia kwa ajili ya kile chuma cha kuning'iniza ukutani, na hao nao miguu yao inachangisha vilevile.

Hifadhi barua pepe ya uthibitisho. Ndani yake kuna namba ya usajili utakayoihitaji wakati wa kutuma rekodi.

Hatua ya 4: Tengeneza njia ya mchango, na isipite mfukoni mwako

Kanuni yangu hapa ni ngumu, na sitaipunguza: hela ya hisani isiingie kwenye simu yako. Hata kama wewe ni mwaminifu kuliko mizani. Ikiingia kwako itachanganyika na ya luku, na siku ya kuihamisha utakatwa ada, jumla haitalingana, na shangazi atauliza mbele za watu kwenye grupu.

Omba taasisi ikupe lipa namba au namba ya kampuni, zile za kulipia kwa simu; kwa Kenya, Paybill, na jina lako litumike kama namba ya akaunti ili wajue waliokuja kwa njia yako. Kenya pia kuna M-Changa, jukwaa la michango linalopokea kwa M-Pesa. Kwa ndugu walio Uingereza, ukurasa kwenye tovuti ya michango ya JustGiving unafaa, hasa kama taasisi imesajiliwa huko, kwa sababu mchangiaji anayelipa kodi akikubali Gift Aid, serikali inaongeza peni 25 kwa kila pauni bila yeye kutoa zaidi. Jaribu kwanza mwenyewe kwa kutuma shilingi 1,000: jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri ndilo la taasisi? Kama ni jina la mtu binafsi, simama hapo.

Sasa ujumbe. Watu wetu wamechoka na michango. Kuna harusi tatu na msiba mmoja kwenye simu ya kila mtu. Kwa hiyo usiandike insha. Andika kitu kama hiki:

"Habari zenu ndugu. Jumamosi tarehe 14 nitakimbia kilomita 21 hapa mtaani kuchangia matibabu ya watoto wenye matatizo ya moyo. Naomba shilingi 500 kwa kila kilomita, jumla 10,500. Hela haiji kwangu. Tuma moja kwa moja kwenye lipa namba hii ya taasisi, jina litakalotokea ni hili. Ukishatuma niandikie 'tayari' nikuweke kwenye orodha. Asanteni."

Kutaja kiasi kunasaidia sana. Mtu akiambiwa "chochote ulichonacho" anaahirisha. Akiambiwa 10,500 anaamua. Mwenye 2,000 atatuma 2,000, usijali.

Tuma ujumbe wa kwanza wiki nne kabla, wa pili wiki moja kabla, wa tatu siku unapomaliza. Orodha ya grupu iwe ileile tunayoijua ya kamati za harusi: jina, ahadi, amelipa au bado. Lakini mchango wa hisani si wa kudaiana. Aliyetoa ahadi akanyamaza, mkumbushe mara moja faraghani, basi.

Hatua ya 5: Iweke simu sawa

Hapa ndipo pa kusoma taratibu.

Simu nyingi za Android, hasa Tecno, Infinix, Xiaomi na Samsung za bei ya kati, huua programu inayofanya kazi nyuma ya skrini ili kuokoa betri. Unakimbia, unadhani inarekodi, kumbe ilikufa kilomita ya tatu. Ingia Mipangilio, kisha Betri, tafuta programu yako ya kurekodi, ondoa vizuizi vyote vya matumizi ya betri. Zima hali ya kuokoa betri ya simu nzima. Kama simu ina kile kiprogramu cha "kusafisha" kinachojiwasha chenyewe, kiambie kisiguse programu yako ya kukimbia. Ruhusa ya mahali iwekwe iwe ya muda wote, na usahihi wa juu uwashwe.

Kuhusu bando: GPS haitumii bando. Simu inapokea mawimbi ya setilaiti moja kwa moja. Bando linahitajika kuonyesha ramani na kupandisha rekodi ukimaliza. Likiisha kilomita ya nane, endelea kukimbia, rekodi inaendelea. Utapandisha ukifika penye mtandao.

Kwenye Strava kuna kujisimamisha kwenyewe, yaani ukisimama na yenyewe inasimamisha saa. Itazame. Mbio nyingi zinahesabu muda wote tangu uanze hadi umalize, hata ule uliosimama kusubiri lori lipite. Ni bora uizime, usije ukatangaza muda ambao waandaaji hawautambui.

Jambo la mwisho la simu ni usalama. Ramani yako inaonyesha mlango wa nyumba yako na saa unazotoka. Kwenye mipangilio ya faragha ficha mwanzo na mwisho wa njia. Dada zangu, msilipuuze hili.

Hatua ya 6: Chagua njia

Usiende kilomita 10 kwa mstari halafu ugeuke. Ukichoka kule mbali, utarudi na bodaboda. Chagua mzunguko wa kilomita 3 hadi 5 unaopita karibu na nyumbani, dukani au kwa rafiki, ili maji na choo viwe karibu. Ndiyo, choo. Tumbo la mkimbiaji halina adabu.

Dar es Salaam wengi huzunguka Masaki, Coco Beach na daraja la Tanzanite mapema asubuhi. Utakuta vikundi vya jogging vya kutosha vya kukupa kampani. Nairobi, msitu wa Karura una kivuli na hauna matatu, ila miti ikisongamana GPS inayumba, na kuna kiingilio. Mombasa, ufukwe wa Mama Ngina ni tambarare, una upepo, lakini ni mfupi, hivyo jiandae kwa mizunguko mingi.

Uwanja wa shule wenye njia ya mita 400 nao unafaa kwa anayeogopa magari. Nusu marathoni ni mizunguko 52 na mita 297.5 kwenye njia ya ndani kabisa. Inachosha akili kuliko miguu. Badilisha mwelekeo kila mizunguko 10, goti la upande mmoja lisibebe kona zote.

Penye barabara ya magari, kimbia ukiyatazama yanayokuja, na masikio yawe wazi. Bodaboda hazipigi honi zikitoka upande usiotarajia.

Hatua ya 7: Mazoezi

Mara tatu kwa wiki inatosha. Siku mbili fupi, kilomita 4 hadi 7, kwa mwendo unaoweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Siku moja ndefu, Jumamosi au Jumapili, ukianza na 6 na kuongeza kilomita moja au mbili kila wiki. Kila wiki ya nne punguza, mwili upumue. Ukishafika 17 au 18, huhitaji kukimbia 21 mazoezini. Ziache za siku yenyewe. Wiki mbili za mwisho punguza sana. Wageni hufanya kinyume: wiki ya mwisho ndiyo wanakumbuka kwamba hawajafanya mazoezi, wanakimbia kila siku, wanafika na misuli imechanika.

Kutembea si aibu. Kimbia dakika 4, tembea 1, tangu kilomita ya kwanza, usisubiri uchoke. Kwa mwendo wa dakika 8 kwa kilomita utamaliza kwa saa mbili na dakika 49. Kwa kutembea haraka, dakika 12 kwa kilomita, ni saa nne na robo hivi. Mzee Tom Moore wa Uingereza, aliyekuwa akikaribia miaka 100, alitembea kuzunguka bustani yake mara 100 akishikilia fremu ya kutembelea Aprili 2020, akilenga pauni 1,000. Zilipatikana zaidi ya milioni 32. Hakuna aliyemuuliza dakika ngapi kwa kilomita.

Hatua ya 8: Fanya jaribio kamili

Wiki tatu kabla, chukua siku yako ndefu uifanye kama ndiyo yenyewe: nguo zilezile, pochi ileile, simu imejaa chaji, chakula kilekile, saa ileile ya kuondoka. Ukirudi angalia: betri imebaki asilimia ngapi? Njia kwenye ramani imenyooka au imeruka paa za nyumba? Umechubuka wapi? Simu ikishuka chini ya asilimia 40 baada ya saa mbili, beba pawabenki ndogo, au zima data ukiwa njiani.

Kisha tuma rekodi hiyo ya majaribio kwa mtu mwingine akaifungue. Ukifunga akaunti yako kwa marafiki tu, waandaaji wataona ukurasa mtupu, na ni bora ulijue hilo leo.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Usiku kula ulichozoea: wali au ugali, samaki au kuku, mboga kidogo. Maharage yasubiri kesho. Asubuhi, zikibaki saa moja na nusu hadi mbili kabla ya kuanza, chai na mkate au kiazi kitamu. Paka mafuta ya mgando kwapani, katikati ya mapaja, na kwenye chuchu (wanaume wengi hujifunza hili bafuni, kwa kelele).

Ondoka mapema. Pwani, ukianza baada ya saa moja na nusu asubuhi utakuwa unapigana na jua badala ya kilomita. Wengi huondoka mara baada ya swala ya alfajiri, wakivaa kitu cheupe au chenye kuakisi taa. Kama dirisha limeangukia Ramadhani nawe umefunga, kimbia usiku baada ya kufuturu na kupumzika, usikimbie asubuhi halafu ukae kutwa bila maji.

Kabla ya hatua ya kwanza, simama mahali pa wazi mpaka simu iseme imepata GPS. Ndipo ubonyeze kuanza, na uhakikishe sekunde zinasogea. Kilomita tatu za kwanza ziwe za pole kupita kiasi, hata zikikuudhi.

Maji kunywa kwa kiu, funda chache kila dakika 20 hivi. Usinywe lita mbili kwa mkupuo eti unajihami. Maji mengi kupita kiasi yanapunguza chumvi mwilini na yanaweza kukulaza. Kuanzia saa ya kwanza, ORS au dafu, na tende mbili au nusu ndizi kila dakika 40.

Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, baridi wakati jua linawaka, au ukaacha kutoka jasho: simama, kaa kivulini, piga simu. Dirisha lina siku nyingine, na wachangiaji hawataki hela yao irudi kama rambirambi.

Simu ikisoma 21.1, usisimame. Nenda mpaka 21.3. GPS ya simu hupunja au huongeza kidogo, na mfumo wa waandaaji unaweza kukusomea 20.98 ukakukataa. Mita 200 za ziada ni dakika mbili tu.

Hatua ya 10: Hifadhi na utume

Bonyeza kumaliza, kisha hifadhi. Ni vitu viwili; watu hubonyeza cha kwanza, wakaweka simu mfukoni, ikafuta. Piga picha ya skrini palepale, ikionyesha umbali, muda na tarehe. Kisha fungua barua pepe ya usajili, fuata kiungo, jaza, tuma. Fanya siku hiyohiyo.

Picha hiyo ndiyo ujumbe wako wa tatu kwenye grupu. Iambatanishe na uso wako wenye jasho, lipa namba, na orodha ya waliokwisha toa. Kwa nilivyoona, michango mingi huingia katika saa chache baada ya picha hiyo, kwa hiyo usiichelewe hadi uoge na ulale. Wiki moja baadaye iombe taasisi jumla ya fedha zilizoingia kwa jina lako, uiweke kwenye grupu, na umshukuru kila mtu bila kutaja viwango.

Yakikwama

*Simu imezima katikati.* Iwashe kwa pawabenki, fungua programu. Mara nyingi rekodi ya awali ipo na inakuuliza kama uendelee. Isipokuwepo, anza rekodi mpya na umalizie kilomita zilizobaki, kisha tuma zote mbili na maelezo mafupi. Waandaaji wa mbio za hisani kwa kawaida wanaelewa, ila andika kabla hawajauliza.

*Ramani inaonyesha nimepita baharini.* GPS iliruka. Kama umbali umezidi kidogo, tuma hivyohivyo na useme. Kama umezidi kilomita nzima, waombe wakushauri, usiukate mwenyewe.

*Nilisahau kubonyeza kuanza.* Kilomita zilizopita zimepotea kwenye rekodi. Kuziandika kwa mkono bila ramani, wengi hawakubali. Kama ulikuwa umefika mbili, ongeza mbili mwishoni. Kama ulifika kumi, rudi nyumbani, upumzike, ujaribu siku nyingine ndani ya dirisha.

*Kichomi ubavuni.* Tembea, vuta pumzi ndefu kwa tumbo, bonyeza pale panapouma. Hupungua kwa dakika chache.

*Misuli imekaza.* Simama, inyooshe taratibu, kunywa ORS, tembea kilomita moja kabla ya kukimbia tena. Ikikaza mara ya tatu, tembea mpaka mwisho.

*Rekodi imekataliwa.* Soma sababu. Mara nyingi ni akaunti iliyofungwa, tarehe iliyo nje ya dirisha, au aina ya zoezi kuandikwa baiskeli badala ya kukimbia. Zote isipokuwa tarehe zinarekebishwa kwa kubonyeza.

*Nimeshindwa kumaliza, na watu wameshachanga.* Waambie ukweli siku hiyohiyo: umefika kilomita ngapi na kwa nini umesimama. Hela imeshafika kwa watoto, haitakiwi kurudishwa. Kama umepona kabla dirisha halijafungwa, anza upya. Likiwa limefungwa, zikimbie zilizobaki wiki inayofuata bila cheti, uweke picha kwenye grupu. Asiyelipa ahadi yake hapo, hakuwa na mpango wa kulipa tangu mwanzo.